Daftari la Wageni la Bi Rukia

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, jua la alasiri limeingia mpaka ukumbini, nami nimekaa nyuma ya meza ya gesti nikiupuliza wino ukauke. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Jana umenambia umepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Watamu, nikakupa hongera, nikakuombea dua. Lakini kuna jambo nililolifanya mie katika kazi hiyo hiyo, na sijapata kumhadithia mtu wa nyumba hii. Hata mamako, niliyemzaa mwenyewe, halijui. Basi kaa kitako, na simu hiyo iweke kando kidogo, haikimbii.

Gesti ilikuwa ya Bi Rukia, mjane wa Kiamu aliyehamia Malindi zamani. Vyumba vinane, nyuma ya soko. Si kama hoteli za Wazungu za ufukweni, la. Kwetu walifikia walimu, wagonjwa wanaokwenda hospitali, wachuuzi, na watu wa mashamba wenye shughuli zao kortini. Sheria ilitaka kila mgeni aandikwe, na daftari letu lilikuwa kubwa, lina nafasi zake zilizopigwa mistari: jina, namba ya kipande cha utambulisho, atokako, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Mwisho kabisa kulikuwa na nafasi pana, juu yake pamepigwa chapa neno Maelezo.

Siku ya kwanza Bi Rukia alinambia, "Hiyo ya mwisho iache nyeupe."

Mie nikamwona mtu wa kale. Yeye alisoma na kuandika kwa hati za Kiarabu tu, hizi za shule hakuzijua. Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu ulisifiwa mtaa mzima. Nafasi yote ile iachwe nyeupe? Ala! Nikaona ni ushamba.

Na wajua tunavyosalimiana watu wa pwani. Mgeni haingii ukampa ufunguo ukanyamaza. Utamuuliza habari za kwao, za watoto, za safari, amekuja kwa lipi, Mungu amsahilishie. Naye, kwa kuwa umemuuliza kwa adabu, atakujibu, maana kukaa kimya ni utovu wa heshima. Mie nikishampeleka mgeni chumbani, narudi mezani nayaandika yote aliyonijibu. Nafasi ya Maelezo ilijaa mpaka ukingoni. Nilijiona karani hasa!

Sasa, Jumatatu hiyo, saa sita za mchana, aliingia mama mmoja wa Kigiriama kutoka Marafa, kikapu kichwani, leso zake mbili safi. Jina lake Kadzo, mwanamke wa makamo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza habari za safari.

"Njema, mwanangu. Basi limetutikisa tu."

Kidogo kidogo akanieleza. Mumewe alikuwa amekufa, akamwachia shamba la mikorosho na watoto watano. Shemejiye alitaka kuliuza shamba, naye Mama Kadzo akamshitaki. Kesi ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na hakimu alikwishaonya kwamba safari hii mlalamikaji asipokuwapo, kesi itafutwa. Basi la asubuhi kutoka Marafa lingemfikisha korti imeshaanza, ndiyo maana akaja siku moja kabla. Nikampa chumba namba nne, nikarudi mezani, nikaandika. Naweza kukusomea hivi leo bila kukosea: "Mjane. Ana kesi ya shamba na shemejiye, kesho saa tatu. Yuko peke yake. Atatoka saa moja u nusu kwenda kwa mwandishi wa barua, karibu na posta."

Alasiri ikaja. Bi Rukia alikuwa amekwenda Mambrui kuhani msiba. Akaingia mwanamume wa makamo, nadhifu, amevaa shati jeupe.

"Salaam aleikum, dada. Wewe si binti wa fundi Omari, seremala?"

Nikamwambia ndiye mie. Akamsifu babangu, akamsifu marehemu babu, akauliza hali ya kila mtu. Kisha akasema yeye ni askari kanzu, hawa wasiovaa sare, na angependa kulitazama daftari la wageni, kazi ya serikali. Hakunionyesha kitambulisho. Hakutaja jina la mtu anayemtafuta. Na mie, mwanangu, sikumuuliza. Zama hizo mtu akitaja serikali, hapingwi. Lakini nisikudanganye, haikuwa hofu peke yake. Mtu amenisalimia vizuri, ananijulia wazee wangu, nitamwambiaje hapana? Niliona haya. Nikaligeuza daftari likamwelekea, nikaenda kumtilia chai na kumletea mahamri mawili.

Alisoma kwa utulivu, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kikafika mahali kikasimama. Akanywa chai yake.

"Mwandiko mzuri huu, dada," akanambia. "Hata sisi kituoni hatuna karani kama wewe."

Wallahi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikamsindikiza mlangoni.

Kesho yake, saa moja u nusu, Mama Kadzo anafungua mlango wa mbele atoke, akawakuta askari wawili wenye sare, na yule wa shati jeupe nyuma yao.

"Wewe ndiye Kadzo wa Marafa? Tuna habari kwamba unauza pombe, tembo la mnazi, bila kibali."

"Tembo? Mimi? Baba, mimi nina kesi saa tatu!"

"Utayaeleza hayo kituoni."

Akageuka akaniangalia. "Mwanangu, waambie! Si nilikueleza jana?"

Sikusema kitu. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikaendelea kuushika. Wakaondoka naye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana la daftari nilifanya kwa ujinga, lakini pale mlangoni nilijua.

Walimweka kwenye benchi la kituo mpaka saa saba u nusu, kisha wakamwambia aende zake. Hawakuandika shitaka lolote. Akakimbia mpaka kortini, karani akamwambia faili limefungwa, mlalamikaji hakufika. Baadaye ndipo tukajua kwamba yule askari na shemeji wa Mama Kadzo walikuwa marafiki wa kula pamoja.

Aliporudi gesti, Bi Rukia alikuwa amesharejea. Mama Kadzo akakaa kwenye kiti cha ukumbini, vumbi mpaka magotini. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani aliyewaambia saa ya kutoka kwangu? Mimi sikumwambia mtu, ila huyu binti."

Bi Rukia akanigeukia. "Zena, leta daftari."

Nikalileta.

"Mie sijui hati zako. Nisomee hiyo nafasi niliyokwambia uiache nyeupe. Anzia juu."

Nikasoma. Chumba cha kwanza, mwalimu, amegombana na mkubwa wake, anatafuta uhamisho kimyakimya. Chumba cha tatu, ameachwa na mumewe, mamake hajajua bado. Chumba cha sita, anakwenda hospitali kila mwezi, maradhi ya aibu. Nilitaka kuruka, Bi Rukia akanizuia: "Soma yote!" Niliyasikia kwa mdomo wangu mwenyewe, mwanangu, na nilitamani ardhi inimeze. Watu wale walinieleza kwa kuwa niliwauliza hali. Nikafika chumba cha nne. Nikasoma mjane, nikasoma kesi, nikafika kwenye "yuko peke yake," nikaishia hapo.

"Ni kweli," akasema Mama Kadzo. "Nilikuwa peke yangu."

Hapo ndipo nilipolia mie. Hakuna aliyenibembeleza.

Bi Rukia hakupiga kelele. Alisema, "Askari ana haki ya kuuliza. Kukiwa na mwizi, au mtu amepotea, nani atakataa? Atakuja na barua ya mkubwa wake na jina la anayemtafuta, nitamwonyesha mstari huo mmoja, naye atatia sahihi kwamba ameuona. Huyu wako alikuja na nini?"

"Alikuja na salamu," nikasema.

"Basi umewatoa wageni wangu kwa salamu." Kisha akaniuliza, "Watu wanalipia kitanda tu hapa? Wanalipia mlango wenye komeo. Wewe umewafungulia, tena ukatia na chai."

Nilidhani atanifukuza. Laiti angenifukuza, ingekuwa rahisi kwangu. Alichoniamuru ni kwamba asubuhi niende na Mama Kadzo kortini nikaeleze nilichokifanya. Nikamwambia naogopa, yule ni askari, atanitafuta. Akajibu kwamba hata yeye anaogopa, na tutakwenda watatu.

Tukaenda. Karani wa korti akatuandikia ombi la kuifufua kesi, nami nikala kiapo. Baada ya wiki tatu tukaitwa mbele ya hakimu, mtu mkavu, miwani puani.

"Alikuonyesha barua?"

"La, bwana hakimu."

"Kitambulisho?"

"La."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimtilia chai."

Korti nzima ikacheka. Nimesimama pale, buibui limelowa jasho, watu wa mtaani kwetu wako nyuma, wananicheka. Lakini hakimu hakucheka. Aliandika muda mrefu, kisha akasema kesi ya Kadzo irudishwe, isikilizwe upya.

Usidhani mambo yalimalizika vizuri. Katika wiki zile tatu yule shemeji wa Mama Kadzo alikuwa ameshakata mikorosho, karibu yote, akachoma makaa. Mama Kadzo alishinda kesi mwaka uliofuata, akarudishiwa shamba la visiki. Mkorosho huchukua miaka kuzaa, nawe wajua. Yule askari sikusikia kwamba alifanywa lolote. Nilipishana naye mjini mara mbili, akanipita kama hanijui.

Mie niliendelea na kazi kwa Bi Rukia miaka sita. Alinikatisha boksi la sabuni likawa kifuniko cha ukurasa, katikati tukalitoboa tundu la upana wa mstari mmoja. Siku moja alikuja askari mwingine, kijana mwenye adabu, ana barua yenye muhuri, anamtafuta mwizi wa baiskeli. Nikamwekea kifuniko juu ya daftari, tundu likakaa juu ya jina alilolitaja. Akasoma, akatia sahihi, akashukuru, akaenda zake. Hakukasirika hata kidogo.

Mama Kadzo nilikutana naye tena sokoni, mwaka wa tatu au wa nne. Nilimkimbilia, nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza wazee wangu. Hakuwa na kinyongo, ninavyojua. Nikamuuliza, kama tunavyouliza sote, "Safari hii umefikia wapi, mama?"

Akatabasamu. "Nipo hapa hapa mjini, mwanangu." Akajitwika kikapu chake akaenda. Hakuniambia nyumba, wala mtaa, wala siku ya kurudi. Alikuwa amenisamehe, lakini hakuniambia alikofikia.

Basi mwanangu, wewe hutakuwa na daftari la wino, utakuwa na kompyuta, na nakala za pasipoti, na namba za simu za watu. Mashine ni nyingine, mtu ni yule yule. Mgeni akikupa jina lake amekuamini nalo, hujapewa liwe lako. Andika linalotakiwa na sheria, na ukishaliandika, simamisha kalamu. Ambalo hukuliandika hakuna atakayelisoma. Msalimie mgeni, muulize hali kwa roho safi, na atakayokujibu yaache kifuani mwako. Akija askari, msimamie kwa heshima, mpe kiti, hata chai mpe, siyo dhambi. Kisha muombe barua, muombe kitambulisho, muulize anamtafuta nani, na mwite mkubwa wako. Siku hizi katiba yenyewe imeitaja faragha ya mtu, hutakuwa umevunja chochote kwa kuuliza. Mwenye haki hatachukia kuulizwa. Anayechukia, hapo uzidi kuangalia. Na ukikosea, maana utakosea, usishike ufagio ukanyamaza kama mie. Sema pale pale, mtu angali mlangoni, bado hajachukuliwa.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupokea watu na mzito wa kuwatoa. Akupe ulimi siku utakayouhitaji. Na kila atakayelala katika chumba ulichompa ufunguo wake, aamke salama, afike alikokusudia kwa saa aliyoikusudia. Amina.