Ngoja Mbele

Gereji ya nyumba yetu ya Randburg haijawahi kulaza gari la kutegemewa. Langu, linalonipeleka kazini na kuwapeleka watoto shule, hulala nje likanyeshewa mvua ya mawe, kwa sababu ndani kuna gusheshe. Kwa asiyekaa Johannesburg, gusheshe ni lile gari la Kijerumani la zamani, la kisanduku, ambalo vijana wa lokesheni, mitaa ya watu weusi pembezoni mwa jiji, hulizungusha uwanjani mpaka matairi yatoe moshi na watu wapige miluzi. Mume wangu si kijana wala si wa lokesheni. Ni Mkenya wa benki mwenye kitambi na dawa za presha, na akikuta roboti, taa za barabarani, ni nyekundu atasimama hata kama barabara haina hata paka. Lakini Jumamosi ikifika huvaa ovaroli, akajilaza kwenye kipande cha katoni na kuingia chini ya gari lile, na mimi nikawa mjane mpaka jioni.

Nilimwona akikata springi kwa grenda ili gari lilale chini. Lililala kweli, kama kuku anayeatamia, na tangu siku hiyo halikuweza kuvuka tuta la getini kwetu bila kukwaruza tumbo. Akang'oa sailensa ili eksozi ingurume. Iliponguruma mara ya kwanza mtoto wetu mdogo alijikojolea, na jirani akatuma ujumbe mrefu kwenye kundi la mtaa. Mume wangu aliusoma ujumbe ule kwa sauti, kwa fahari, mara mbili.

Mwenzake katika wazimu huo alikuwa fundi cherehani wa Lubumbashi. Walikutana kanisani, wakagundua kwamba kila mmoja ana gusheshe, na kuanzia hapo mahubiri hayakuwa na maana tena kwao. Fundi alikuwa anakaa Bellevue, kwenye moja ya zile nyumba kubwa za zamani zilizogawanywa vyumba, kila chumba na familia yake, jikoni kwa zamu. Gusheshe lake lilikuwa bodi tupu, na injini yake ilikuwa kwenye beseni. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia aondoe skrepu yake uani. Mume wangu akamwambia alilete kwetu. Likaja juu ya lori, likawekwa kwenye matofali kando ya ukuta, chini ya kibanda cha mabati, na injini ikaingia gerejini. Nimpe mume wangu haki yake, siku ile alifanya jambo la kiungwana.

Wasije watu wakadhani mmoja wao alikuwa stadi. Walijaliwa mapenzi, hawakujaliwa ufundi. Walifungua vitu kwa furaha na kuvirudisha kwa matusi, na kila mara skrubu kadhaa zilibaki mezani. Hao ndio waliokuwa na furaha kuliko watu wote niliowajua Johannesburg. Fundi aliwasili kila Jumamosi asubuhi kwa teksi mbili, matatu za huku, amebeba mkate na kopo la dagaa. Mikono yake ilikuwa misafi kupita kiasi, kwa sababu wiki nzima ilishika magauni ya harusi.

Tabu ilikuwa Kiswahili chake, au tuseme masikio yetu. Alimwita mume wangu yaya. Kwao yaya ni kaka mkubwa, ni neno la heshima. Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto. Siku ya kwanza kulisikia nilikimbilia jikoni nikacheka peke yangu. Halafu kulikuwa na mbele. Mtu wa Lubumbashi akikwambia ngoja mbele, anasema ngoja kwanza. Kula mbele ni kula kwanza. Kwetu mbele ni mahali, kwake ni wakati, na mtu akikaa naye siku moja tu atakuwa amelielewa.

Mume wangu alilielewa siku hiyohiyo, akaligeuza mchezo. Fundi akisema, "Yaya, ngoja mbele," basi mume wangu huacha alichoshika, hukakamaa mgongo, na kupiga hatua za kijeshi kwenda mbele hadi agonge ukuta. Wakiwepo wageni aliufanya kwa mbwembwe zaidi, na wageni walikuwepo mara nyingi, Wakenya wenzetu wa maofisini wanaokuja kula nyama na kushauri mambo ya injini wasiyoyajua. Walicheka hadi machozi. Sisi Wakenya, Watanzania wakitusikia tunaongea hushika mbavu. Tulipompata wa kumcheka sisi, tulimshika kwa mikono yote miwili. Fundi naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa, kilifika wengine wakiwa wanamalizia.

Nilimwambia mume wangu mara moja, tukiwa kitandani, kwamba mchezo ule umechuja. Akasema, "Si yeye mwenyewe hucheka? Wewe unamwonea uchungu kuliko anavyojionea." Akageukia ukutani.

Kisha ikaja klachi. Mume wangu alikuwa ameagiza klachi ya magari ya mashindano, na walihangaika nayo Jumamosi nyingi hadi ikaingia. Klachi ya kawaida hushika taratibu, unaachia pedali na gari linajiendea. Hii haikujua taratibu. Ilikuwa ama haijashika, ama imeshika yote, na gari huruka. Mume wangu aliijaribu asubuhi ile likaruka hivyo getini akajigonga kichwa, akashuka anacheka akasema sasa hii ndiyo gari. Kwa hiyo alijua. Nasema hivi mapema ili mtu asije akamtafutia udhuru baadaye.

Mchana wageni walifika, makaa yakawashwa, na ikabidi gusheshe litolewe nje lionwe. Lilikuwa ndani ya gereji, pua ikitazama meza ya chuma iliyofungwa ukutani. Mume wangu akaingia, akawasha, na mngurumo ukajaa nyumba nzima. Wageni walikuwa kwenye nyasi, sahani mkononi, kando ya mlango mkubwa. Mimi nilikuwa kwenye mlango mdogo wa kutokea jikoni, nimeshika bakuli la kachumbari, na niliwaona wote wawili vizuri sana. Fundi alikuwa ameinama kati ya bampa na ile meza. Spana ilikuwa imemponyoka ikaingia nyuma ya bampa, naye alikuwa amepenyeza mkono wa kushoto kuitafuta.

"Yaya, ngoja mbele," akasema.

"Mbele?" mume wangu akauliza kwa sauti ya jukwaani. Akatoa kichwa dirishani, akawakonyeza wale wa kwenye nyasi. Wakaanza kucheka hata kabla ya mchezo.

"Ngoja mbele, mukono yangu iko ndani."

Hilo la mkono sijui kama alilisikia, eksozi ile ilikuwa inameza maneno. La kwanza alilisikia, maana alilirudia. Kwenye gari lile, kurudi nyuma ni mpaka uusukume mti wa gia hadi pembeni kabisa, kwa nguvu, na kuna mlio wake. Hakuusukuma. Alitia namba moja. Alitaka gari licheze kidogo, linyanyue pua kidogo tu, watu wacheke, kisha arudi nyuma. Akaachia klachi.

Nisingependa kueleza sauti. Bampa la gari la zamani ni chuma, na meza ilikuwa chuma. Fundi hakupiga kelele kwanza, alisema tu, "Aa, yaya," kwa mshangao, akiwa amesimama wima na mkono haumfuati. Mume wangu akawa amezima injini kwa woga badala ya kurudi nyuma, na likakataa kuwaka. Wale wageni wakatupa sahani wakaja kulisukuma, na lilivyolala chini vile lilikwama kwenye kizingiti cha gereji. Ilichukua muda. Ndipo alipopiga kelele, na sahani zao zikawa zimetapakaa nyasini, mbwa wa jirani anapenya chini ya ukuta kuja kula nyama.

Hospitalini wakamkata vidole viwili. Cha tatu kilibaki, lakini hakikunjiki. Watu walinifariji wakisema afadhali ni mkono wa kushoto. Hao hawajawahi kukaa kwenye cherehani. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, na ni wa kushoto unaoongoza kitambaa kwenye sindano.

Hata kabla daktari hajatoka, mume wangu alikuwa amepata hadithi. Nilimsikia akimweleza muuguzi kwa Kiingereza kizuri cha benki kwamba lilikuwa tatizo la lugha, huyu ni wa Kongo, sisi ni wa Kenya, neno lilelile lina maana mbili. Muuguzi akatikisa kichwa akasema eish. Ilikuwa hadithi tamu, kila aliyeisikia aliishika kwa haraka, na wale wageni waliokuwa kwenye nyasi ndio waliokuwa wa kwanza kuisambaza. Wiki iliyofuata ilishafika kanisani kabla yetu.

Nilimkabili nyumbani. Nikamwambia, "Nilikuona. Ulikonyeza. Ukatia namba moja."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kwa utulivu, kama anavyomtazama mteja anayebishana na mashine, akasema, "Ameniambia mbele, nimeenda mbele. Wewe ulikuwa umeshika kachumbari. Ulikuwa unaangalia gia ama ulikuwa unaangalia kachumbari?" Akaenda kuoga. Nilimchukia siku ile kwa chuki safi, isiyo na makunyanzi, na mpaka leo sijaweza kuikunja vizuri.

Jumapili moja akapewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Alisimama mbele ya kusanyiko na suti yake ya bluu, akawaeleza habari ya mnara wa Babeli, jinsi Mungu alivyozichafua lugha za watu wasielewane, na jinsi yeye mwenyewe alivyoonja uchungu huo gerejini kwake. Alipofika kwenye neno lenyewe, mbele, alitulia kidogo, na watu wakacheka, kicheko cha huruma lakini kicheko. Akamalizia kwa kuomba tumwombee ndugu yetu, aliyekuwa ameketi viti vya nyuma. Tukasema amina. Alipokaa chini aliniuliza kwa kunong'ona kama tai yake ilikuwa sawa.

Tulikwenda kumwona fundi Bellevue jioni, baada ya ile ibada. Hakukuwa na nafasi ya kuegesha, mume wangu akanishusha mlangoni akaenda kuzunguka mtaa. Nikapanda na sufuria yangu ya pilau. Mkewe alikuwa saluni, kwa wasusi hakuna Jumapili. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, ameiacha cherehani imefunikwa shuka, mkono umefungwa umekaa mapajani. Mlango ulibaki wazi, majirani wanapita na beseni zao. Nikaona nisipolisema pale sitalisema tena, basi nikalisema bila hata kuketi.

"Fundi, halikuwa tatizo la lugha. Alikuwa anajua. Alikuwa anafanya ule mchezo wake."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Mi nilimuona kwa kioo. Alikuwa anacheka." Akasogeza kiti kingine kwa mguu nikae. "Keti, mama. Keti mbele."

Nikaketi. Nikamwuliza kwa nini basi anawaacha watu waimbe wimbo ule, kwa nini hata kanisani alikaa kimya na mkono wake umening'inia shingoni. Nilikuwa namfokea, nakiri, mgonjwa wa watu, nikimfokea kwa sababu aliyestahili kufokewa alikuwa anatafuta pa kuegesha.

Alikuwa na picha ya gari lake ukutani, kando ya kalenda, ile bodi tupu juu ya matofali kwetu, naye amesimama kando yake ameweka mkono kwenye paa.

"Mama, gari yangu iko kwenu," akasema. "Moteri iko kwenu. Apa mwenye nyumba hatakubali hata gurudumu. Yaya akijua kama mi najua, atasikia haya. Na mutu mwenye kusikia haya hafungulake mulango. Anaanza kukuchukia, juu unamukumbusha. Lakini kama kosa iko yangu, atafungula. Jumamosi nitaingia."

"Utaingia kufanya nini na mkono huo?"

"Nitashika tochi."

Nilitaka kumwambia kwamba ni afadhali akose gari milele kuliko kuingia tena kwenye gereji ile. Ni rahisi kusema ukiwa na gereji. Nilinyamaza, si kwa busara, bali kwa sababu nilisikia hatua za mume wangu kwenye ngazi, na ufunguo wa gari ukilia kidoleni mwake.

Aliingia na chupa kubwa ya soda aliyoinunua kwenye spaza, kiduka cha chini. Akasalimia, akasifu chumba, akauliza kuhusu maumivu, akatafuta mahali pa kuweka chupa na mwisho akaiweka juu ya cherehani. Fundi akasimama. Nikamwambia asisimame, akasimama tu, ameshika ule mkono kwa huu mwingine.

"Yaya," akasema, "mi naomba pardon. Kiswahili yangu ni mubaya. Ningesema kwanza, hii yote haingefika. Nilikutia mu matatizo na watu, mu kanisa, na mama. Unisamehe."

Nilimtazama mume wangu. Nilimtazama kama sijawahi kumtazama, nikingoja. Alikuwa na nafasi yote ya duniani, chumba kidogo kile, sisi watatu tu. Aliinamisha kichwa, akafikiri, akapumua kwa uzito. Kisha akamwekea fundi mkono begani akamwambia yameisha, asijisumbue tena moyo, amemsamehe.

Fundi akasema aksanti.