Debe Nililoliacha Nyuma ya Mlango

Ndugu msomaji, kosa ni langu peke yangu, na jina langu sitalitaja. Mji wetu ni boma la Wadachi wanaotutawala, maduka machache, na magari ya ng'ombe ambayo kila mtu anayajua. Nikitaja tu rangi ya ng'ombe ninaowaendesha, mmenipata. Sina la kujitetea, nataka tu kulitoa moyoni.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilipanda Arusha na mizigo ya watu, nikaoa Mmeru, nikabaki na baridi ya huku. Naendesha gari la ng'ombe la mwenye shamba mmoja, na siku lisipokuwa na mzigo ananiachia nitembelee ukweni.

Mke wangu, Mama Nuru, ana debe lililokuwa la mafuta ya taa. Humo anaweka vitu vya watoto vya njiani: unga wa ulezi, kibuyu cha maziwa, asali, sufuria ndogo, kiberiti alichokifunga vizuri kisilowe, blanketi na nguo kavu. Debe hukaa chini ya kiti cha mbele. Hatuondoki kabla hajaniuliza kama limepanda.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mara ya nyuma tulipofika ukweni, ng'ambo ya mto Usa, shemeji yangu alilifunua debe mbele ya wazee.

"Shemeji kaja na jiko lake," akasema. "Anaogopa tutamlaza njaa."

Wazee walicheka. Mkwe kufika na chakula chake ni kuwatukana wenye nyumba, hilo hata kwetu pwani tunalijua. Nikacheka nao, lakini moyoni niliungua.

Kwa hiyo safari hii, Mama Nuru alipokuwa anambeba mdogo wake Nuru mgongoni, nililichukua debe nikalisimamisha nyuma ya mlango. Nikaliegemezea jembe juu yake lisionekane.

"Baba Nuru, debe limepanda?"

"Limepanda."

Sikubabaika hata kidogo. Nilisema kama mtu anayeitikia salamu.

Tulivuka mto Tengeru jua likiwaka. Juu mlimani kulikuwa kweusi kwa mawingu ya mvua, lakini mimi sikuwa na haja na mlima, nilikuwa nawaza nitakavyoingia ukweni mikono mitupu na kichwa juu. Tulipofika Usa, mto ulikuwa umejaa, unabeba migomba mizima. Nikageuza ng'ombe. Tulipofika tena Tengeru, nao umejaa. Tukawa katikati, kisha mvua yenyewe ikatushukia.

Gari halina paa. Nuru wangu alikuwa ametoka kuugua homa, hata miguu haijamrudia vizuri. Alilia njaa, kisha akalia baridi.

"Toa debe," akasema mke wangu.

Nikashuka. Nikainama chini ya kiti, nikatafuta kitu nilichojua hakipo. Nilitafuta kwa bidii, ndugu msomaji, nikasogeza mpaka kamba. Mama Nuru alinitazama, akaelewa.

"Liko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Hakunitukana. Alimvua Nuru nguo iliyolowa, akamkumbatia kifuani pamoja na mdogo, akajifunika kanga yake ambayo nayo ilikuwa maji. Baadaye kidogo Nuru akaacha kulia. Nilifurahi, nikidhani amelala. Mama Nuru akasema, "Hajalala. Midomo yake imebadilika rangi."

Hapo nilikimbia. Niliona moshi kwenye migomba, nikaingia uani kwa watu nisiowajua, nikamwamkia bibi mmoja shikamoo huku meno yakigongana. Nikaomba moto, nikaomba maziwa au uji. Mwanamume mzima mwenye gari naomba uji!

Bibi hakuuliza kitu. Alituingiza sote, akamlaza Nuru juu ya ngozi karibu na moto, akamnywesha maziwa ya moto kidogo kidogo mpaka mtoto akaanza kulia tena. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Ndipo bibi akamuuliza mke wangu ni wa nani. Wakatajiana ukoo, na kumbe ni shangazi wa baba mkwe wangu.

Maji yalipopungua, habari zilivuka mto kabla yetu. Nilifika ukweni nikiwa mkwe asiyewabebea watoto wake hata uji. Safari hii shemeji hakunitania. Afadhali angenitania.

Mama mkwe alinisubiri nimalize kula. Hanitazami usoni, kwa heshima, kwa hiyo alisema akitazama mlango.

"Mwanangu, mimi nawapikia wanaofika. Njia haina mama mkwe."

Nuru alikohoa mpaka mahindi yakakomaa. Amepona, nashukuru. Wewe unayesafiri na watoto, pakia vitu vyao, na ukichekwa, chekwa. Kicheko nilichokikimbia kilikuwa cha jioni moja tu.

Debe sasa halishuki garini. Lakini Mama Nuru haniulizi tena kama limepanda. Anainama mwenyewe, anapapasa chini ya kiti mpaka aliguse. Na juzi, nilipompakia Nuru, naye aliinama akapapasa, kisha akamwambia mama yake, "Lipo." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.