Mkwe Aliyenitangulia Kona Moja: Kwa Farasi Mpaka Ziwa Ngozi

Sababu iliyonitoa Unguja ilikuwa moja tu, na sioni haya kuisema: nilikwenda kumuuliza baba mkwe wangu kama amenikataa. Miaka miwili nimeolewa na Yusufu, Mnyakyusa wa Rungwe aliyekuja kufundisha kilimo Tunguu, akasilimu, na jina hakubadilisha kwa kuwa Yusufu linafaa pande zote mbili. Kwenye harusi yetu Mji Mkongwe mama yake alikuja, dada yake alikuja, baba hakuja. Nikimuuliza Yusufu sababu, hunijibu, "Ana farasi wake, hawezi kuwaacha." Mama yangu hakuyameza hayo hata siku moja. "Mkwe asiyekuja harusini hakukutaka, mwanangu," husema kila akikumbuka. "Farasi gani hao wasiokubali kubaki na mtu mwengine?" Maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Basi wifi yangu Neema aliponipigia simu kunambia kuwa baba hupeleka wageni kwa farasi mpaka kwenye maziwa ya milimani, na kwamba safari hii anataka wageni tuwe sie, niliitikia kabla hajamaliza. Mie na farasi wapi na wapi? Sijapata kupanda hata punda. Lakini nilisema siku tatu njiani na mkwe wangu zitanitosha kumuuliza suali langu.

Asubuhi ya kuondoka, bandarini Malindi, mama alinikabidhi kikapu cha halua na visheti. "Ukifika mwamkie, mbusu mkono, kisha ndio umuulize," akaniusia. "Usianze na suali, sikukulea hivyo." Nikamjibu naam. Yusufu alisimama pembeni na mabegi, kimya, kama kawaida yake. Boti na treni sitawachosha nazo. Yatosha kusema kuwa treni ilipokuwa inapanda nyanda za juu nilivaa kanga mbili, koti la Yusufu na soksi zake, na bado meno yaligongana.

Mchana wa siku ya tatu tulifika nyumbani kwao, nje kidogo ya Tukuyu. Yarabi, ile kijani! Migomba mpaka mlangoni, chai imepanda mlima mpaka mawinguni, na mvua inanyesha bila haraka. Mama mkwe alinipokea kwa mikono miwili, akanilisha ndizi za maziwa mpaka nikafungua kifungo. Nikajitia manukato, nikaketi sebuleni na kikapu changu kumngoja baba. Nikangoja. Nikasikia mtu anakohoa uani, mlango wa nyuma ukafungwa.

"Mama, baba yuko wapi?" nikauliza.

Mama mkwe alimtazama Yusufu, kisha mimi. "Mwanangu, ina maana hujaambiwa? Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, hata jina lake hulitaji. Vijana wa siku hizi wengi wameacha. Huyu wangu hajaacha wala hataacha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu amchukue."

Nikamgeukia Yusufu. "Weye ulijua?"

"Nilidhani atalegeza," akasema.

"Ulidhani! Siku mbili ndani ya treni umenihadithia aina zote za mbolea, hili hukuliona?"

Neema, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza mpango wa safari: baba na Yusufu watatangulia, mimi na yeye tutafuata nyuma kona moja. Mila nikaifahamu, lakini moyo haukutulia. Mtu asiyekutaka naye si hukukimbia vile vile? Nitajuaje kama huyu ananikimbia kwa heshima au kwa kuchukia? Suali nililolitoa Unguja nililala nalo.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya farasi nilitambulishwa kwa jike mmoja mwekundu, mpole, mwenye kope ndefu, jina lake Kidosho. Baba alifanya kazi ujanani kwenye shamba lililokuwa na farasi, akajifunza kuwatunza, na Kidosho ni mjukuu wa farasi wake wa mwanzo. Kumpanda ilikuwa shughuli. Nilivaa suruali ndani ya baibui, Neema akanisukuma kwa bega, nikapita moja kwa moja nikaangukia upande wa pili kwenye majani. "Wifi, umeshapanda na umeshateremka," akasema Neema. "Sasa jaribu kubaki." Mara ya tatu nikabaki.

Njia ilishuka kati ya migomba na mikakao. Kila mtu tuliyempita alitusalimu, na watoto walitufuata wakipiga kelele. Baba sikumwona, ila alama zake nilizikuta kila mahali. Kwenye njia panda kulikuwa na jani bichi la mgomba limelazwa upande wa kupita, na jiwe juu yake. Palipokuwa na utelezi, mtu alikwishachimba vidato vya kukanyagia kwa jembe. Tulipofika mahali pa kupumzikia tukakuta moto unawaka, mahindi yamechomwa, na kuku wa kukaanga amefungwa kwenye majani, bado anatoa mvuke.

"Kuku huyu kachinja Yusufu," Neema akanambia. "Baba alimwamsha mapema. Alisema wewe huli mpaka itajwe bismillahi."

Nilimla kuku yule huku nnawaza. Alikuwa mtamu wallahi, lakini ukarimu hata mgeni wa njiani hufanyiwa. Mie nilikuwa nataka neno.

Jioni tulifika Ziwa Kisiba, kule Masoko. Ni duara la maji lililozama ndani ya bakuli la vilima, na miti imeinama pande zote kulitazama. Tulilala kwa shangazi yao, baba akalala banda la jirani. Miguu yangu haikukubali kufungana, nikatembea kama bata, na shangazi akanikanda kwa maji ya moto na chumvi.

Asubuhi ya siku ya pili ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimeteremka ziwani peke yangu kunawa uso, jua limeshatoka. Mbele yangu, hatua kama ishirini, mzee mrefu mwenye kofia ya majani alikuwa ananywesha farasi, amenipa mgongo. Wallahi niliyajua yote niliyoambiwa. Lakini mtoto wa Mji Mkongwe tangu anaanza kusema hufundishwa kuwa kumpita mtu mzima bila ya kumwamkia ni utovu wa adabu, na mdomo wangu hauna breki. Miguu nayo ikaufuata mdomo. Nikamwendea mbio, mkono nimeshaunyosha wa kubusia.

"Shikamoo, baba!"

Mzee hakugeuka. Alitazama kushoto, kuna farasi. Akatazama kulia, kuna ukuta wa matete. Basi akaingia ziwani. Na viatu vyake, na koti lake, moja kwa moja mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama huko na kofia yake kichwani, bado kanipa mgongo. Mie nikabaki ufukweni na mkono wangu hewani. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Kwetu mtu mzima asiyekuitikia shikamoo amekwisha nawe.

Nilikimbia kurudi nyumbani nnalia. Neema, badala ya kunipoza, aliketi chini kwa kucheka. "Na viatu?" akauliza. "Vile vipya?"

"Kanichukia, Neema."

"Kalowa, wifi. Kuchukia sijui."

Siku hiyo yote tulipanda kurudi juu, tukapita Kiwira na Daraja la Mungu, pale jiwe lilipojipinda lenyewe juu ya mto na watu hupita juu yake kama kawaida. Palikuwa pazuri na mie sikupafaidi. Majani ya mgomba yaliendelea kuwepo kwenye njia panda, lakini sasa baba alitutangulia kona tatu, si moja. Kidosho alinigeuzia shingo mara mbili tatu, maana nilikuwa nimesahau hata kushika hatamu.

Siku ya tatu asubuhi tuliwafunga farasi chini ya mlima, kwenye banda la mianzi, tukaanza kupanda Ngozi kwa miguu. Jamani, msitu ule! Miti imevaa majani mpaka magotini, mianzi inalia ikisuguana, na njia ni tope tupu. Niliteleza, nikashika mzizi, nikateleza tena. Neema alinivuta mkono, nami nikamwambia arudi aniache hapo hapo nizikwe. "Mzito hivi nani akubebe?" akanijibu. Tulicheka mpaka tukakosa pumzi, na kucheka kule kukanitoa uchungu wa jana.

Juu ya ukingo tulikuta ukungu tu. Tukakaa juu ya koti tukala visheti vya mama. Kisha upepo ukavuma, na ukungu ukafunguka kama pazia: chini kabisa, mbali, ziwa la kijani, limetulia, kuta za msitu zimelizunguka pande zote, na hapana nyumba, hapana mtu, hapana sauti. Nilisema subhanallah mpaka Neema akaanza kuisema naye. Nilifurahi, nikaona haya kufurahi na suali langu bado halijajibiwa, kisha nikafurahi tena.

Alasiri tuliteremka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Tulipofika bandani nilimwendea Kidosho nimfungue. Ghafla nyuma ya ukuta wa mianzi ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Kidosho."

Farasi akasimamisha masikio. Neema akanifinya. "Tulia hapo. Baba anaongea na farasi."

"Na farasi?"

"Na wewe hawezi. Farasi hana mkwe. Msikilize."

"Kidosho," ikasema sauti, "jana kuna mtu alinisalimu kule ziwani. Sikuitika, nilikuwa nakimbilia maji. Mwambie, marahaba."

Nilijifunika uso kwa mtandio. Kisha nikamshika Kidosho shingoni, na suali nililolibeba tangu Unguja likatoka lenyewe. "Kidosho, muulize baba. Harusini kwangu hakuja. Alinikataa?"

Nilimsikia mzee anavuta pumzi.

"Kidosho, suti nilishona. Ninayo mpaka leo. Lakini nikajiuliza, nitakaa wapi? Kwenye harusi za huku baba mtu anawekwa mbele, uso kwa uso na bibi harusi. Nikasema nitamwaibisha mtoto wa watu siku yake: mimi natazama ukuta, wageni wananitazama mimi. Afadhali nibaki."

Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Kidosho, mwambie kwetu wanaume huoza msikitini, na bibi harusi yuko nyumbani kwao! Chakula wanaume wamekula nje kwenye masinia yao, wanawake ndani. Angekaa Unguja wiki nzima asione hata kidole changu!"

Sauti ikanguruma, na safari hii si kwa farasi. "Yusufu! Haya uliyajua?"

"Nilidhani na wewe unajua, baba," mume wangu akajibu kutoka huko nyuma.

Mzee akaangua kicheko, farasi wote wakaruka. Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia, akasema taratibu, "Kidosho, mwambie mwanangu hivi. Ningekuwa simtaki, ningekaa hapo mbele yake nimtazame machoni, kama ninavyomtazama mtu yeyote. Ninayemkimbia ni mmoja tu."

Nilimbusu Kidosho pua, akapiga chafya, na Neema akasema ujumbe umefika. Kikapu cha halua nilimwachia baba juu ya jiwe. Tulipopita kona ya mwanzo nikasikia Yusufu anakaripiwa asimalize.

Nyumbani Mji Mkongwe, mama alinidaka mlangoni. "Ulimbusu mkono?"

"Sikumwona hata pua, mama."

Nikamhadithia yote, tangu mlango wa nyuma mpaka banda la mianzi. Nimejifunza kwenye safari ile kuwa kila watu wana namna yao ya kusema karibu, na usipoiuliza namna hiyo unaweza kudhani umefukuzwa. Nimejifunza pia kutomtegemea Yusufu kwa kupeleka habari.

Idd iliyofuata baba alikuja Unguja, na suti yake. Mama alimtandikia barazani pamoja na wajomba zangu, mie nikakaa uani na masufuria. Nilimsikia anacheka na wajomba, anauliza habari za karafuu, anasifia pilau bila ya kutaja nani kaipika. Mama ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha. Mara ya tatu aliporudi alisimama mlangoni na sinia tupu mkononi.

"Nimemwambia jua limefika barazani, aingie ndani apoe," akasema. "Kakataa. Kasema ndani yumo mkwe wake." Akanitazama. "Kasema wake, mwanangu. Mbele ya watu wote."

Kisha akajaza sinia, akatoka tena.