Koko na Wakorea Waliobeba Mawe

Juzi jirani yangu alipaka nyumba yake chokaa, na ile harufu ya chokaa mbichi iliyomwagiwa maji ikaingia dirishani kwangu bila hodi. Nikaacha kuchambua mboga. Akili ikarudi utotoni, nikamwona tena Elibariki amesimama mbele ya ukuta wa boma la Wajerumani, pale mjini Arusha, shati jeupe, miwani ya jua ameipandisha juu ya kichwa, wageni wamemzunguka kama kuku wanaosubiri pumba. Ukuta nao ulikuwa umepakwa chokaa asubuhi hiyohiyo. Nikamsikia analitaja jina la marehemu mama wa bibi yangu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, kwa sauti, huku anacheka. Bibi yangu alikuwa amenishika mkono. Akauachia, akaziba masikio kwa khanga, akakaa chini kwenye majani.

Huyu mtu nitamtaja jina mpaka mwisho, maana yeye hakuogopa kutaja la wenzake. Elibariki, mtoto wa Mzee Loti, wa kwetu huku Olmotonyi. Mwarusha kama mimi. Angekuwa mtu wa kuja ningesema hajui.

Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Unasema "mama wa fulani", au "yule wa nyumba ya juu", na kila mtu anaelewa. Tulibatizwa, tukaimba kwaya, tukanunua suti za mitumba, lakini hilo hatukuliacha. Bibi yangu, ambaye tulimwita Koko kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao, alikuwa akisema: "Aliyechoka umwache alale. Ukimwita, ataamka akidhani kuna kazi."

Sasa nikiishia hapo mtadhani utoto wangu ulikuwa wa kilio. Hapana, ndugu zangu. Nisikilizeni, niwaambie raha tuliyoila.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na dawa ya meno tena, na kampuni za kutembeza watalii zikachipuka mjini kama uyoga baada ya mvua. Koko alikuwa akishuka na maziwa yake, akimaliza kuuza anapumzika karibu na boma. Siku moja akamkuta Mzungu anaupiga ukuta picha, anausifu, anaupapasa kama ng'ombe wa mnada. Koko akakasirika. Akamshika shati, akamvuta mpaka mto Themi, akaokota jiwe, akamtwika begani. Elibariki alikuwa anapita. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anacho, kazi hana.

"Wewe mtoto wa Loti, mwambie huyu," Koko akasema. "Mwambie ukuta haukuota. Abebe mpaka juu ndiyo apige picha."

Yule Mzungu akabeba. Akafika bomani jasho linamtiririka, akaketi, akasikiliza. Kesho yake akaleta wenzake watatu. Ndivyo Koko, asiyejua kusoma hata jina lake, alivyokuwa mtembeza wageni.

Safari yake ilikuwa na utaratibu, na utaratibu haukuvunjwa. Mnaanzia mtoni. Kugawa mawe ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa darasa la tatu, miguu mitupu ndani ya maji baridi yanayotoka Meru, najichagulia: bwana mnene jiwe nene, dada mwembamba jiwe jembamba, mwenye maneno mengi jiwe lenye kona. Kisha mnapanda. Kutua hakuna. Mgeni akitaka kupumzika, Koko anageuka: "Wale waliruhusiwa kutua?" Elibariki anatafsiri, mgeni anapandisha jiwe lake. Wenye maduka walikuwa wanatoka nje kutucheka. "Mama, leo umewateka wangapi?" Koko anajibu, "Sita, na mmoja ameanza kulia!"

Tukifika ukutani ndipo anasimulia. Mama yake alikuwa bibi harusi, hana hata mwaka kwa mume, vita na Mjerumani vimeisha na wanaume wetu wengi wameuawa, sasa anataka nyumba ya mawe. Wanawake wakabebeshwa mawe. Wakabebeshwa chokaa kwenye vikapu, na mvua iliponyesha ile chokaa ikachemka, ikawaunguza mabega. Koko akiwa mdogo alikuwa akilalia bega la mama yake, na ngozi yake ilikuwa na mabonde. Hakuongeza neno. Jina hakulisema. Wageni waliouliza aliwaambia, "Mwiteni Mama."

Halafu tunarudisha mawe mtoni. Yote. "Mjerumani tulishamjengea," alikuwa akisema. "Hata jiwe moja la nyongeza hapati."

Siku niipendayo kuliko zote ni ya Wakorea. Walikuja saba, wazee watupu, kofia za kitambaa, na kijana wao wa kutafsiri. Mkubwa wao alikuwa bibi mfupi mwenye uso wa kucheka. Alipofika mbele ya Koko, akainama. Akainama kweli, kichwa mpaka usawa wa kiuno.

Kwetu mtoto ndiye anayemwinamishia mkubwa kichwa, na mkubwa anamwekea kiganja utosini. Koko alipoona utosi umeletwa mbele yake, angefanya nini? Akauwekea kiganja. "Hujambo, mtoto wangu," akamwambia bibi wa watu mwenye mvi kumshinda yeye.

Elibariki akashika mdomo. Kijana wa Kikorea akawa mwekundu. Yule bibi akabaki ameinama, haelewi mkono huo umetoka wapi, kisha akainuka na kuuliza. Alipoelezwa kwamba amesalimiwa kama mtoto, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kitu kwa wenzake, na wale wazee sita wakapanga foleni, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Koko akawabariki wote, uso umekauka kama askofu. Wa mwisho alikuwa na kipara. Koko akakifuta kwanza kwa khanga.

Mtoni yule bibi alikataa jiwe nililompa. Alilitaka kubwa. Akavua skafu yake, akaizungusha ikawa ngata, akaiweka kichwani, akalitwika jiwe juu na kuanza kupanda mikono mitupu.

"Mungu wangu!" Koko akapiga kelele. "Huyu anabeba Kichaga!" Maana sisi mzigo ni mgongoni, kichwani ni jirani zetu wa Kilimanjaro na ndizi zao. Mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa na duka la vitambaa akatoka mbio, akamshangilia kwa vigelegele. "Mwacheni dada yangu apite!" Akamsindikiza mpaka kona.

Ukutani Koko alisimulia kama kawaida. Neno lake lilipita kwa Elibariki, kutoka kwa Elibariki likaingia kwa yule kijana, ndipo likawafikia wazee. Unasema kitu sasa, watu wanasikitika baadaye. Alipomaliza, yule bibi akashusha jiwe, akasema na kwao kuna mtaa wa majumba ya wafalme, una malango ya mbao za rangi, na watu hutembezwa kwa miguu kuyaona kama tulivyofanya sisi. Wageni walipowatawala walijenga ofisi yao ya mawe mbele kabisa ya jumba la mfalme, mtu asilione. Sasa wenyewe walikuwa wanaibomoa.

Koko akafikiri. "Na waliobeba mawe ya jumba la mfalme," akauliza, "wale mnawatembelea?"

Tulisubiri swali lipite midomo miwili. Yule bibi akajibu kwamba yeye ametembezwa pale mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuwataja. Akasema akirudi ataliuliza swali hilo langoni. Kisha akainamisha kichwa tena, safari hii akijua anachokiomba.

Tulirudi mtoni tunaimba, kila mtu wimbo wake.

Wiki zilizofuata wageni waliongezeka. Elibariki akaanza kuvaa viatu vya kung'aa. Akaanza kusema mawe yanawachosha watu. Siku moja akanikuta nyumbani peke yangu, akanisifia kusoma kwangu, akaniletea soda ya kopo, ya kwanza maishani mwangu. "Eti wewe mjanja wa kusoma," akasema, "cheti cha ubatizo cha Koko kimeandikwa mama yake nani? Wageni wanapenda jina."

Nikakitoa chini ya godoro. Nikamsomea, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mwalimu. Mate ya soda matamu mdomoni, kichwa kimenivimba kwa sifa. Akaandika kwenye kijitabu.

Haikupita muda tukamkuta na wageni wake mwenyewe, ile asubuhi ya chokaa. Hakuna aliyekuwa na jiwe. Na Kiingereza chake kidogo nilishakizoea: alisema huyo mwanamke, akamtaja, alibeba mawe kwa hiari, akilipwa shanga, na alikuwa anaimba. Akawafanya wageni walirudie jina wote pamoja, kama watoto wa chekechea. Nikiwa mjinga nikamtafsiria Koko.

Koko hakushuka mjini tena. Maziwa akawa anamtuma mama yangu. Aliishi miaka minne baada ya hapo, akiniombea, akinisuka, akinicheka, wala hakuniuliza kamwe Elibariki alilipata wapi lile jina. Mimi nilidhani hajui. Shule niliacha darasa la tano, akili zangu zilichelewa. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa. Cheti kilikuwa chini ya godoro lake, na nyumba ile aliyejua kusoma alikuwa mmoja. Alijua siku ileile, pale kwenye majani. Aliamua kunibebea. Nikaelewa pia kwa nini aliwatwika wageni mawe: jina ni jepesi, mtu analitia mfukoni na kuondoka nalo, lakini aliyepandisha jiwe kutoka Themi bega lake halisahau. Elibariki aliutoa uzito, akagawa jina.

Koko alipofariki nilisimama mbele ya ukoo, nikasema aliyelitoa jina ni mimi. Wakanisema, nikakubali, wakanisamehe. Langu nimelijibu.

Wewe, Elibariki Loti, una ofisi ya vioo na vijana sita wenye sare, na kila asubuhi wanasimama pale ukutani wanamwamsha yule mama kwa jina, wanamwambia aimbe. Baba yako alikuzuia, ukamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Tuliobaki nyumbani kwa Koko ni watatu tu, na nyumba yetu unaijua njia yake. Panda huku Olmotonyi mchana, watu wakuone, ukae mbele yetu ujibu swali moja: mabega yalikuwa yanaungua, nani alikuambia alikuwa anaimba?