Mteja Mwenye Kengele Yake

Kila Jumapili mchana, kwenye baa ya katikati ya jiji la Cali, Kolombia, anakopiga ngoma mume wangu Wilmar, dada mmoja huketi meza ya mbele na kufungua kitambaa chake cha njano. Ndani mna kengele ya chuma na kijiti cha kuigongea. Wateja wengi huja na kengele zao, desturi ya huku, hugonga pamoja na bendi mpaka wachoke. Yeye hungoja. Hufumba macho, kidole kikipiga polepole gotini. Wilmar akiinua mikono ngomani, ni yeye anayeijaza nafasi ile kwa kengele yake, na Wilmar hucheka kicheko ambacho nyumbani sikisikii.

"Shemeji, leo umekuja kulinda mali?" mhudumu alinitania Jumapili iliyopita.

"Niletee soda, acha maneno."

Mwanangu mchanga niliyempakata akaanza kulia. Nikambembeleza, wapi! Yule dada akaja, akainama, akaigonga kengele yake kwa ukucha tu, taratibu. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho.

"Damu ya babake hii," akasema, akarudi kitini.

Leo kalia tena, tuko jikoni. Nikagonga sufuria kwa kijiko, kwa mapigo yangu mwenyewe, akazidi kulia. Nikagonga taratibu kama yule dada. Akanyamaza.