Swichi Nane za Mkuu wa Karakana

Miaka ile serikali ilipokuwa inauza viwanda kama mtu anayehama nyumba, kiwanda chetu cha sabuni hapa Morogoro nacho kikapata mnunuzi. Akatangaza kwamba karakana ya umeme itabaki na mtu mmoja tu. Tulikuwa wawili: mimi, na mkuu wa karakana aliyeniajiri, ambaye kila asubuhi nilimpa shikamoo mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuwa akiisikia. Mimi nilikuwa na mama yangu kule milimani Mgeta, goti lake bovu. Mshahara wangu ndio uliomlipa mtu wa kumbebea kabichi kutoka shambani hadi linaposimama lori.

Mnunuzi akatuletea bodi ndogo ya majaribio, ya kuwasha na kuzima pampu ya maji yenyewe. Ilikuwa na swichi nane ndogo kama punje za mchele, na jampa, vile vikofia vyeusi vya kuunganishia pini mbili. Ukikosea kimoja tu, pampu haigeuki. Mkuu akakishika kitabu cha maelekezo, akakipindua, akanirudishia. "Haya mambo ya vijana," akasema.

Nikahangaika nayo siku mbili. Nikahamisha jampa, nikapandisha swichi hii, nikashusha ile, mpaka pampu ikanguruma. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake mnunuzi alikuwa anakuja kutazama. Sasa, wakubwa wetu mnawajua akitajwa mgeni! Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni, na mbuzi angesimama vibaya naye angepakwa. Tukasimama mbele ya bodi, nguo zetu zimepigwa pasi. Mnunuzi akabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikainama kutazama. Loh! Swichi zote nane zimeelekea juu, mstari mmoja, zimenyooka kama watoto wa shule asubuhi. Nikamgeukia mkuu. Kitambaa cha kufutia vumbi bado kilikuwa mkononi mwake, na alikuwa anatabasamu, maskini ya Mungu, anasubiri kusifiwa.

"Zilikuwa zimekaa shaghalabaghala, binti yangu," akaninong'oneza. "Mgeni aone aibu ile? Nimezinyoosha."

Nilitamani kumtafuna. Nikazirudisha kwa ukucha, moja moja, pampu ikanguruma. Mnunuzi akauliza ni nani aliyezivuruga. Tabasamu likamtoka mkuu, jasho likamjaa usoni, akaniangalia kama mtoto aliyevunja chungu. Na mimi, mjinga niliyefunzwa adabu nikafunzika, nikasema, "Nilikosea mimi."

Nilidhani atanikatalia. Thubutu! Alikohoa, akaweka mikono nyuma, akamwambia mnunuzi, "Vijana hawa, bwana. Usipowasimamia, wanakuharibia."

Barua ya kunipunguza kazi aliiandika yeye mwenyewe, mistari imenyooka utadhani kapiga rula. Hata pole hakuniandikia.

Wiki ile ile nikapanda Mgeta. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini sikusema ukweli. Nikamwambia yule ni mtu mzima, ningemwaibishaje mbele ya mgeni?

"Umefanya vizuri," akasema mama. Akavua kata yake ya kubebea mizigo kichwani, akanipa. "Tenga la kabichi lile pale."