Mahakama ya Mzunguko Ilipofika Fittja

Kwanza nieleze jambo la zamani, na msomaji asiogope; ni rahisi kuliko linavyosikika. Kwa karne nyingi kesi kubwa za Uingereza hazikuamuliwa na majaji waliokaa mikoani. Majaji walikaa London. Mara mbili kwa mwaka walipanda farasi wakaondoka, kila mmoja na upande wake wa nchi: siku chache mji huu, siku chache mji ule, mpaka wamalize mzunguko na kurudi walikotoka. Mwizi wa kondoo aliyekamatwa baada ya jaji kupita alikaa gerezani hadi jaji apite tena. Wengine waliuawa na homa ya humo ndani kabla hawajaulizwa walichofanya.

Haya niliyafundisha Farsta, kusini mwa Stockholm, katika chumba kilichokuwa juu ya maduka karibu na kituo cha treni. Waswidi wana desturi nzuri: watu wachache wanaotaka kujifunza kitu hukutana kila wiki, hupewa chumba na chupa ya kahawa, na hakuna mtihani. Darasa la namna hiyo huliita duara. Duara letu lilikuwa la Kiswahili, Watanzania na Wakongo kwa wingi, Wakenya kidogo na Mganda mmoja. Mada aliichagua mwenyekiti wa chama chetu, mzee wa Kitanzania aliyekuja ujanani kujifunza ufundi wa mitambo akastaafu hukuhuku. Alipokuwa mtoto aliwahi kuiona Mahakama Kuu ikija mkoani kwao, mji umefagiwa, jaji na joho jekundu, wazee wa baraza wamekaa pembeni. Alitaka kujua mambo yale yalitoka wapi. Nilimwambia kwamba alichokiona kilikuwa mjukuu. Sasa tumtafute babu.

Napenda darasa linalouliza, na lile liliuliza. Kwa nini jaji asikae mjini moja kwa moja? Niliwaeleza kwamba jaji anayekaa mjini ana shemeji mjini, ana jirani, ana mtu aliyemkaribisha chakula. Anayetoka mbali hana wa kumwonea haya.

"Hana wa kumwonea haya," mwenyekiti akarudia polepole.

Walipenda tarumbeta zilizompokea jaji. Walipenda zaidi habari ya wale raia kumi na wawili walioamua kama mtu ana hatia: walifungiwa chumbani bila chakula, bila kinywaji, bila moto, mpaka wakubaliane. Wasipokubaliana na jaji anataka kuondoka, sheria ilimruhusu awapakie kwenye mkokoteni awachukue mpaka mji unaofuata. Darasa zima lilicheka. Halafu niliwaambia habari ya glavu. Jaji akifika mji ambao hauna mtu wa kuhukumiwa kifo, alizawadiwa jozi ya glavu nyeupe, ishara kwamba mikono yake imetoka safi. Desturi zile ziliendelea, nyingine zikififia, hadi mahakama hizo za kusafiri zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Sasa, chama chetu cha wasema Kiswahili kilikuwa na watu katika vitongoji mbalimbali vya Stockholm, na kilikuwa na malalamiko yake. Watu wa Fittja walisema wa Farsta wanapendeleana. Wa Sundbyberg walisema hawasikilizwi kabisa. Mwenyekiti akaja na wazo: wazee watatu wazunguke kwa treni Jumamosi, na asiwepo anayesikiliza ugomvi wa mtaa anaokaa. Sisi ni duara, alisema, basi tuzunguke. Niliwatia moyo. Mwalimu hapati mara nyingi kuona somo lake likivaa koti na kutoka nje.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Kesi ya kwanza ilikuwa ya akina mama wawili wa jengo moja waliogombea zamu ya chumba cha kufulia. Ya pili ilikuwa ya sufuria la chama lililorudishwa limetoboka. Wazee walijiwekea sheria ya kutogusa kahawa wala mikate ya mdalasini kabla hawajakubaliana. Walikubaliana upesi ajabu. Mmoja wa wale watatu, Mkenya aliyekuwa dereva wa basi, alisema njaa ni wakili ambaye hajawahi kushindwa kesi.

Kisha ikaja kesi ya Fittja.

Mlalamikaji alikuwa mume, Mkongo aliyependwa na kila mtu. Ndiye aliyepiga gitaa kanisani, ndiye aliyechoma nyama kwenye kila sherehe yetu. Alisema mkewe amemfungia mlango bila sababu na sasa analala kwa rafiki yake kule Farsta. Mke alifanya kazi ya kuhudumia wazee Sundbyberg, mwanamke mkimya, mwenye watoto wawili waliomjibu Kiswidi. Hakuwa amekwenda polisi. Tangu walipofika tulikuwa tumemwambia, yeye na wengine wote, kwamba ya kwetu hayapelekwi kwa Wazungu.

Lililokuwa kwenye mizani siku ile halikuwa ndoa peke yake. Mama mzazi wa mke alikuwa mgonjwa sana kule Bukavu, na kila mtu alijua hatapona. Chama kilikuwa na adhabu moja tu, nayo ilikuwa kumtenga mtu: usimwendee kwa harusi wala kwa msiba. Mwanamke yule angeweza kuvumilia kukosa harusi. Alichoogopa ni kuketi peke yake siku ya habari ya mama yake.

Ukumbi tulioukodi karibu na kituo cha Fittja ulipaswa kurudishwa kabla ya jioni, na baada ya hapo wazee walitakiwa Sundbyberg. Mume alisema vizuri, kwa utulivu, akataja watoto. Mke alipoitwa alisimama na mtandio umefunika mdomo. Wengi tulidhani ni aibu.

"Papa mwenyekiti," alisema, "alinitosha meno. Njo maana nilifunga mulango."

Sisi wa pwani na bara la Tanzania, na Wakenya pia, tulisikia tulichozoea kusikia. Kupitia kitambaa kile, *meno* lilitufikia kama *mno*. Alinitosha mno. Mwanamke anasimama mbele ya watu kusema kwamba mumewe alimtosha mno, kwa hiyo alifunga mlango.

Dereva wa basi hakuweza kujizuia. "Ameshiba," alisema, "akafunga jiko."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza wa kumtosha yeye atapatikana wapi. Mwanamke akarudia maneno yaleyale, na kicheko kikarudi kikubwa zaidi. Wakongo waliokuwemo walikuwa marafiki wa mume, walitazama sakafu. Mume mwenyewe alitazama viatu vyake, akatabasamu kama mtu anayesifiwa hadharani na kuona haya. Yeye alikuwa amesikia vizuri.

Mwenyekiti aligonga meza akamuuliza mara ya mwisho kama analo lingine. Mwanamke alitutazama mmoja mmoja, kisha akaketi. Wazee waliingia jikoni kushauriana. Mikate ilikuwa ya moto bado; harufu yake ilikuwa imejaa ukumbini. Walitoka haraka. Uamuzi ukasomwa: mke amekiri mwenyewe kwamba mume hakumpungukia kitu. Amfungulie mlango. Asipofungua, atengwe mpaka afungue. Kisha wakanywa kahawa wakiwa wamevaa makoti.

Nilimkuta mwanamke kituo cha basi. Nilitaka kumpa moyo, na nadhani nilianza kumweleza kwamba uamuzi wa namna ile unaweza kuangaliwa upya. Alishusha mtandio. Mbele, juu, palikuwa na pengo la meno mawili, na ufizi bado ulikuwa na rangi ya zambarau.

"Mwalimu," alisema, "kwenu munasema namna gani? Kitu kiko ndani, unakivuta inje. Munasema namna gani?"

"Kutoa," nilisema.

"Sisi tunasema kutosha."

Basi lake likaja akapanda.

Nilikimbia, na niliwakuta wazee jukwaani wakisubiri treni. Nilimweleza mwenyekiti taratibu, kama ninavyoeleza kila kitu: kwamba kwa Wakongo kutosha ni kutoa, kwamba hakusema mno, alisema meno, kwamba nimeliona pengo kwa macho yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa sauti. Aliniwekea mkono begani.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Jaji akishaondoka mjini, mambo ya mji yanasubiri arudi."

Nilimwambia kwamba treni haijafika, kwamba hata bado tuko Fittja.

"Kesi imefungwa. Tutarudi majira ya kuchipua, tutaisikiliza tena. Tukianza kurudi nyuma kila anapolia mtu, huo hautakuwa mzunguko." Treni ikaingia. Dereva wa basi alinipungia mkono dirishani.

Niliwapigia simu watu wengi wiki ile. Wote walisikitika kuhusu meno. Wote walisema tusubiri baraza la wazee lirudi. Mwanamke hakufungua mlango, naye akatengwa.

Mama yake alifariki Bukavu kabla barafu haijayeyuka. Mwanamke alikodi chumba cha pamoja cha jengo lao, akapanga viti kwa safu, akaweka picha ya mama yake juu ya meza na kitambaa cheupe. Nilifika nikamkuta amepika maharage, samaki na ugali wa kutosha watu wa kanisa zima. Nasema wa kutosha kwa maana yetu. Mtoto wake mkubwa aliuliza kitu kwa Kiswidi, naye akamjibu kwa Kiswahili kwamba watu wako njiani. Tulikaa. Jirani mmoja wa Kituruki aliingia, akashika mkono wake, akakaa kidogo, akaondoka. Kila mlango wa lifti ulipofunguka mwanamke alisimama.

Hawakuwa njiani. Walikuwa Farsta. Mume naye alikuwa amefiwa na mama mkwe, na yeye hakutengwa. Kwa hiyo matanga yalifanyika pale alipolala, kwa yule rafiki yake. Kwaya iliimba, mwenyekiti alitoa neno refu kuhusu mama wa Kiafrika, watu walilia kwelikweli. Haya yalimfikia mwanamke kwa njia ndefu: dada yake alipiga simu kutoka Bukavu, mbele yangu, kumshukuru. Walikuwa wametumiwa picha. Nyumba imejaa, alisema dada, mama ameliliwa vizuri Ulaya. Ila wewe hatukukuona, ulikuwa jikoni?

"Ndiyo," alijibu. "Nilikuwa jikoni."

Tulirudisha viti mahali pake pamoja.

Majira ya kuchipua baraza lilirudi Fittja, kama lilivyoahidi. Lazima niseme kwamba lilifanya kazi yake sawasawa. Safari hii mwenyekiti alimwita Mkongo mmoja kutafsiri. Mwanamke alisimama bila mtandio. Mume hakutokea, alikuwa amepata mwanamke mwingine, na hakuhitaji tena kufunguliwa mlango. Uamuzi wa awali ukafutwa wote. Mwenyekiti alitangaza kwamba dada yetu amerudi kwetu, na kwamba kwa kuwa hakuna kesi nyingine mtaa mzima, leo ni siku ya kihistoria. Dereva wa basi akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na glavu nyeupe. Walikuwa wamelikumbuka somo lote.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alizivaa. Zilikuwa za kike, zikamkaba vidole, lakini alinyanyua mikono yote miwili ili tuone, na machozi yakamlengalenga. Nilikuwa nimewaeleza maana yake vizuri: hakuna aliyehukumiwa kufa.

Mwanamke hakuwa ameketi.

"Mama yangu hatakufa mara ya pili," alisema. Sauti yake haikupanda. "Munitoshe kwa chama yenu."

Mwenyekiti, mikono bado juu, hakumgeukia mkalimani. Alinigeukia mimi, kama mwanafunzi mzuri anayetaka kuwa na hakika.

"Mwalimu, hapo anataka tumtosheleze, au anataka tumtoe?"

"Mumtoe," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Uso wake uling'aa. Alikuwa amejifunza neno, na kujifunza kulimfurahisha siku zote.

"Basi sawa," alisema. "Tumemtosha."

Wakacheka, hata waliokuwa wamelia Farsta. Mwanamke alichukua koti lake mlangoni. Mwenyekiti alijaribu kuokota mkate wa mdalasini bila kuchafua glavu, akashindwa, akamwomba dereva amshikie.